Hauli ya Mtu Aliye Hai

Maskati, 2 Oktoba 1968

Baba Sayyida,

Assalam alaykum. Mimi mzima, mwanao mzima, wewe umekufa. Umekufa jana Jumanne baada ya sala ya alasiri, na aliyekuua ni mimi. Kaa kitako usome pole pole.

Wanachama wetu kumi na moja walikuwa wamekaa ukumbini, katiba ya chama iko katikati ya mkeka, na mimi nyuma ya pazia nnaandika yanayosemwa, kama kawaida yangu. Mlango ukagongwa. Askari wawili wa liwali. Unajua hapa tunavyoishi, watu kumi hawakai pamoja bila ya kuulizwa, ila pana harusi au msiba. Mkubwa wao akasema, "Mnafanya nini humu? Na mwenye nyumba yuko wapi?" Wewe umetafutwa tangu mwaka sitini na tano, ulipoteremkia Qantab ukapanda boti ya Kuwait bila ya ruhusa, kwa hivyo swali hilo si la mazungumzo tu.

Wanaume wote kumi na moja, hao wanaotaka kuigeuza nchi, kimya! Ishaq akaanza kukohoa. Basi nikatoka, mtandio usoni, nikasema, "Mwenye nyumba ndiye huyu tunayemsomea khitma. Amefia Kuwait. Khabari imetufikia leo." Kisha nikalia. Na wallahi nililia kweli, maana miaka mitatu sijauona uso wako.

Ikabidi isomwe. Chama chetu, ambacho sharti lake la kwanza ni kuwa dini ya mtu ibaki na viatu vyake mlangoni, kilikaa saa nzima kikikusomea Yasini. Misahafu ndani ya nyumba ni miwili tu, waliobaki wakasoma kwa moyo. Yule Majid aliyetuambia mwezi uliopita kuwa khitma ni mambo ya kizamani ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote. Askari nao wakavua viatu wakakaa nasi. Katiba nimeikalia mimi. Walipomaliza wakala halwa, wakanywa kahawa, wakanipa mkono wa tanzia wakenda zao.

Sasa khabari imeshafika Matrah, na wanawake wanakuja kutwa kucha. Nimevaa nguo za eda. Sayyida alikuwa chuoni, amerudi amekuta watu wanalia. Sikumwambia kweli. Ana miaka tisa, Harub, akiropoka neno moja kwa wenzake, watu kumi na moja wanakwenda ngomeni kufungwa. Tangu jana kofia yako haitoi kichwani. Mengine yote nnacheka, hilo sicheki.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Masouda anayekwenda Kuwait kwa kaka yake. Nijibu, ikiwa maiti hujibu.

Mkeo, sijui niseme mjane wako,
Muhsina binti Khalfan


Kuwait, 29 Oktoba 1968

Mama Sayyida,

Wa alaykum salaam. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya kwanza nimefunga mlango, ya pili nimecheka, ya tatu nimeiweka chini kwa sababu ya mtoto. Mwenyezi Mungu atusamehe. Nyumbani kwetu hapajapata kusemwa uongo mkubwa kama huu, nawe umeusema papo kwa papo. Hivyo Ishaq alikohoa tu?

Nimeipeleka khabari kwenye kamati. Sisi saba tuliokianzisha chama hiki, watu tuliotolewa Unguja kwa bunduki mwaka sitini na nne na ambao Oman nayo haijatufungulia mlango, tumekaa siku mbili tukilizungumza. Kamati imeona kuwa Mungu ametupa fursa. Maiti hatafutwi. Jina langu likishafutwa huko nitaweza kusafiri, kuandika, kuonana na watu. Na nyumba ya msiba haiulizwi kwa nini ina watu. Kwa hivyo imeamuliwa kuwa nibaki nimekufa, nawe ukae eda yako yote, miezi minne na siku kumi, usiikate.

Najua si jambo jepesi. Nimewaambia, mke wangu ana moyo kuliko sisi sote, wakatikisa vichwa. Tawi la Maskati tumemkabidhi Ishaq.

Mwanangu mwambie, hapana, usimwambie kitu. Mbusu tu.

Harub


Maskati, 20 Desemba 1968

Baba Sayyida,

Kizuka wako anakusalimu kutoka ndani ya eda. Siku themanini leo. Sijatoka mlangoni, sijajitia manukato, sijavaa rangi, na mwanamume asiyekuwa maharimu wangu haingii kwenye chumba hiki hata awe nani. Askari walipita tena mwezi uliopita wakitafuta redio nyumba kwa nyumba. Walipofika kwenye mlango wangu, jirani yetu mama Shaikha akawaambia, "Humu muna kizuka." Wakarudi nyuma kama waliokanyaga moto. Redio ilikuwa chini ya mto wangu.

Sasa sikiliza nnavyofanya kazi. Nnainakili katiba kwa mkono, kurasa nne, upande mmoja Kiarabu, upande mmoja Kiswahili chetu. Wanawake wanakuja kunifariji. Tunakaa, tunasoma, tunalia kidogo kwa ajili ya majirani, halafu kila mmoja anatoka na kurasa zake ndani ya buibui. Shoga yangu Nasriya nilipomwambia kuwa hukufa alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa mtandio, kisha akanikasirikia kwa ubani aliokununulia. Nimeanza na watatu, sasa wako ishirini na sita pamoja nami, wote wameshika siri. Na si watu wetu tu. Nyinyi saba huko mnasema dini ibaki mlangoni, lakini nyote ni Shafi, nyote wa msikiti mmoja, na mkiulizwa mtasema imetokea tu. Kwangu mama Shaikha ni Ibadhi na shoga yake ni Mbulushi. Hakuna aliyeniuliza nnafunga mikono wapi nikisali.

Wanaume wa Ishaq ni wale wale kumi na moja.

Haya, nije kwenye haja yangu. Katiba hiyo maneno yake mlisema nyinyi, lakini aliyeyatia katika mstari ni mimi, unakumbuka, mwaka sitini na sita uliponitumia karatasi kutoka huko zimechafuka wino na mimi nikakaa wiki nzima. Sharti la tatu nimeliandika kwa kalamu yangu, kila mwanachama ana kauli moja. Basi tuandikeni kwenye daftari. Ishirini na sita. Sitaki shukurani, nnataka nambari.

Muhsina


Kuwait, 30 Januari 1969

Mama Sayyida,

Haraka haraka, mchukuaji anaondoka. Kamati imefurahi sana na kazi ya akina mama. Kuhusu daftari, wenzangu wanaona wakati bado. Wapo wazee huko tunaotaka kuwavuta, na wakisikia majina ya wanawake watakimbia. Mtaitwa wasaidizi wa chama. Ni jina zuri.

Toleo la gazeti letu dogo limetoka na picha yangu, chini yake wameandika shahidi. Nimejiona nimezungushiwa mstari mweusi, nikapata baridi. Wameniandikia sifa ambazo nikiwa hai sikuzisikia.

Vumilia. Karibu unatoka eda.

Harub


Maskati, 16 Juni 1969

Harub,

Sikukujibu kuhusu hilo jina zuri, na leo sikujibu pia. Pana kubwa zaidi.

Eda ilikwisha Februari. Nimeogeshwa, nimevalishwa, watu wamekula. Nikadhani nitapumua. Mwezi huu ami yangu Bakhit amekuja kutoka Azaiba na khabari ya posa. Yeye hayumo katika mambo yetu na anaamini umelala Kuwait chini ya mchanga, amekulilia kuliko ndugu zako. Amesema mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye mtoto wa kike hawezi kukaa bila ya mtu. Bwana mwenyewe ana shamba la mitende Ghubra, mkewe amefariki, watu wanamsifu. Wala sina ubaya naye masikini, hajui kuwa anamposa mke wa mtu.

Nimemwambia ami sitaki. Akanipapasa kichwa akasema, "Mwanangu, huzuni inapita." Nikasema sitaki mara ya pili, akasema nitafikiri mpaka Agosti, yeye atazungumza na kadhi.

Nielewe vizuri nilipo. Nikisema kweli, kuwa mume wangu yu hai, askari watarudi, na safari hii hawatakula halwa. Nikikubali, nnaolewa juu ya ndoa. Na kuniandikia talaka huwezi, maana maiti haandiki.

Sayyida ameshona kanzu ndogo ya mwanasesere akasema hii ya baba. Kofia bado hatoi.

Nnakuuliza wewe, si kamati. Mimi ni nani katika chama hiki? Kama ni mwanachama, mniandike na mnilinde kama mnavyomlinda Ishaq. Kama si mwanachama, basi siri yenu si yangu, nami nitajua la kufanya.

Muhsina


Kuwait, 11 Julai 1969

Mama Sayyida,

Sijalala vizuri tangu barua yako. Nimewapelekea, sikuwa na njia. Tumezozana. Mwisho wamesema hivi, na mimi nnakuandikia kama walivyosema: ukubali posa tu, usikubali ndoa. Posa haina dhambi. Itatupa mwaka mmoja au zaidi, na mwenye shamba hilo ana watu wanaomsikiliza, huenda baadaye akawa na manufaa kwetu. Kisha utatafuta sababu uvunje.

Kuhusu daftari, wamesema tusichanganye mambo mawili.

Nnajua utakasirika. Lakini fikiria wale kumi na moja.

Harub


Maskati, 22 Septemba 1969

Ewe Harub bin Seif,

Nimekasirika, ndiyo. Lakini umekosea kunihofia hasira. Hasira ilikwisha Julai. Sasa soma.

Kwanza la posa. Sikukubali, hata ya kudanganyia. Yule bwana wa Ghubra ana uso wake mbele za watu, na mimi nina wangu. Mlitaka nimchezee mtu mwema ili nyinyi mpate manufaa, halafu mnaandika juu ya karatasi neno usawa! Mwezi uliopita ami alinichukua nyumbani kwake Azaiba. Kadhi amekuja, mashahidi wamekuja, mimi nyuma ya pazia. Kadhi akauliza kama nimeridhika. Ami akasema, "Amenyamaza, amekubali." Nikasema kwa sauti wakanisikia mpaka jikoni, "Sikunyamaza. Sitaki." Ami akasema huyu ana huzuni. Nikasema, "Sina huzuni, nina akili. Sitaki."

Kadhi akamgeukia. Mzee mkubwa, ndevu mpaka kifuani. Akasema, "Bakhit, huyu si mwari. Mwari akinyamaza tunasema ameridhia, lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa ridhaa yake ni ulimi wake. Bila ya kauli yake hapana ndoa hapa." Akafunga kitabu, akaomba kahawa. Yule bwana wa Ghubra akanitakia kheri kutoka upande wa pili wa pazia, akatoka kwa heshima yake. Ami hakusema nami siku tatu, ya nne akaniletea samaki.

Nilirudi nyumbani. Nikakaa nikawaza. Dini ambayo mimi na wewe tuliiacha na viatu mlangoni ndiyo iliyonipa kauli mbele ya wanaume, na chama nilichokiandikia katiba kwa mkono wangu kimeninyima. Siku ile niliona haya, Harub. Haya yenyewe niliiona kwa ajili yenu.

La pili. Juzi Jumamosi ilikuwa hauli yako, mwaka mmoja kamili kwa miezi ya Kiislamu. Mlango ulikuwa wazi, ubani unawaka, askari mmoja wa wale wa mwaka jana amepita akasema Mungu amrehemu. Tumekusomea kweli, kwa heshima ya waliokuja bila ya kujua. Walipoondoka wageni, wakabaki wanachama, wanaume ukumbini, wanawake ndani, pazia limefungwa kando. Nikasimama nikaisoma barua yako ya Julai kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ishaq alikohoa, lakini safari hii akasema pia. Akasema, "Mimi nilikuwepo siku ile askari walipoingia. Aliyetuokoa hakuwa msaidizi." Akavua kofia akaiweka chini.

Tukapiga kauli, tujitoe kwenye kamati yenu au tubaki. Kila mtu amepewa kokwa ya tende na punje ya buni, kokwa ndiyo, buni siyo, na bakuli limepita kama linavyopita kwenye msiba wowote. Limetoka na kokwa thelathini na sita na buni moja. Tawi la Maskati halipo tena. Ni chama chenyewe, katiba ile ile, na daftari tumelifungua upya. Tuko thelathini na saba. Nambari nimepewa ya kwanza, sikuiomba.

Nyinyi saba bakini na gazeti na picha yenye mstari mweusi. Shahidi ni wenu. Sisi tunabaki na hauli tu, maana ndiyo mkutano wetu mkuu wa kila mwaka.

Muhsina binti Khalfan
mwanachama nambari moja


Kuwait, 9 Agosti 1970

Muhsina,

Nimeandika na kuchana barua nyingi mwaka huu. Kila nikishika kalamu naona haya, naiweka.

Lakini wiki mbili hizi redio hatuizimi. Nchi ina sultani mpya, na inasemwa walioko nje warudi wajenge. Watu wanalia barabarani hapa, wanakumbatiana na wasiowajua. Nimepata nafasi ya ndege. Nnakuja, Muhsina! Miaka mitano! Nitafika mwanzoni mwa Septemba.

Nnakuomba unitengenezee njia. Waambie watu kuwa khabari ile ilikuwa makosa, kwamba aliyekufa ni mwengine wa jina langu. Ami Bakhit umwambie wewe, mimi namwogopa. Mwambie mwanangu. Na kamati, tumebaki wanne, inaomba daftari lenu. Tutalipeleka kwa serikali mpya pamoja na majina ya waasisi saba juu yake, huenda tukasajiliwa.

Barua ile ya Julai niliiandika kwa mkono wangu, siwezi kusema walinishikia kalamu. Nilikuwa muoga. Nilikutuma uwe jasiri kwa niaba yangu, kisha nikakutaka uwe muoga kama mimi. Hilo nimelielewa kwa kuchelewa. Nifufue tu, mengine nitayasema nikifika.

Harub


Maskati, 27 Agosti 1970

Baba Sayyida,

Assalam alaykum. Nimeipokea, na nimefurahi u mzima. Nilikuwa na khofu ya kweli kwa mwaka mzima, maana mtu aliyekwisha kuliliwa akifa tena nani atamjua.

Jina la mwengine sitalitia. Nimesema uongo mmoja mkubwa kwa ajili ya watu kumi na moja, sisemi wa pili kwa ajili ya uso wako. Ami Bakhit nimemwambia kweli yote. Akauliza, "Na mimi nilikwenda kwa kadhi na mke wa mtu?" Kisha akacheka mpaka akakohoa, akasema atakupiga bakora ukishuka tu, halafu atakuchinjia mbuzi. Majirani nao wanajua. Wengine wamenuna, wanadai ubani wao.

Daftari halitoki nyumbani humu. Serikali mpya haijasema kitu juu ya vyama na sidhani itavipenda. Ikivipenda tutakwenda wenyewe, ikitukataa tutaendelea kula halwa. Waasisi saba watakaosimama juu ya majina yetu hawapo. Anayetaka kuingia anaomba, na wanachama wanapiga kauli. Ndiyo sharti la tatu.

Kwa hivyo nimekuombea. Juzi bakuli limepita. Tuko hamsini na mbili sasa. Kokwa thelathini, buni ishirini na moja. Nasriya amekutilia buni na amenituma nikwambie. Mmoja hakutia kitu, ndiye mimi. Umekubaliwa, u mwanachama wa hamsini na tatu.

Nafasi ya mume haikupitishwa kwenye bakuli. Hiyo kauli ni yangu peke yangu, na nitaitoa nikishakuona unavyoingia mlangoni.

Sayyida nimemwambia Ijumaa. Ana miaka kumi na moja, mrefu, anasoma kuliko mimi nilivyosoma. Nilidhani atalia. Aliivua kofia yako, akaikunja, akauliza neno moja tu. "Alikuwa anajua kuwa mimi nnalia?" Nikamwambia alikuwa anajua, kwa sababu nilikuandikia. Akasema sawa. Hajaivaa tena, lakini hakuitupa, iko juu ya kabati. Mimi pia nina hesabu yangu kwake, na nimemwambia hivyo, nimemwomba radhi nimekaa chini, yeye amesimama. Wewe utamwomba ya kwako.

Hauli yako mwaka huu ni Jumatano, tisa Septemba. Hatuivunji kwa sababu umetokea kuwa hai, watu wameshapanga. Ukifika mapema vua viatu mlangoni, pita, ukae nyuma pamoja na wapya. Usiende mbele kwenye mto, hapo anakaa mama Shaikha. Kwanza tunasoma, kisha tunaita daftari, kila mtu anaitika jina lake.

Anayeita mwaka huu ni Sayyida, kaniomba mwenyewe. Ataanza kwangu, atakwenda mmoja mmoja mpaka hamsini na tatu. Akifika kwako, itika kwa sauti.

Muhsina